Hadubini ya mkononi kwenye michoro ya Kondoa: shughulikia mwanga kwanza

Ukifika na hadubini ya USB (ndogo ya mkononi, inayounganishwa na kompyuta) kwenye michoro ya mapangoni Kolo, Kondoa, usikimbilie kukuza mara 200. Hapo unaona milimita moja au mbili tu, na kwa kuwa uso wa mwamba una mabonde, nusu ya picha itatoka na ukungu. Mara 20 hadi 50 hujibu maswali mengi.

Zima taa za hadubini zenyewe. Shika tochi ndogo ubavuni, mwanga ulale karibu sambamba na ukuta, kama nyuzi 10. Mwanga wa mbele huficha gamba la rangi lililoinuka. Wa ubavuni hulitupia kivuli, na kadiri kivuli kinavyorefuka ndivyo gamba lilivyobanduka. Mchana kinga jua kwa mwavuli mweusi. Kila nukta unayoichunguza ipigwe picha mbili, mwanga wa mbele na wa ubavuni, bila kusogeza stendi.

Kazi ngumu zaidi ni rangi nyeupe. Kondoa ina mapango ya michoro zaidi ya 150, na kwa kawaida nyekundu ni ya kale kuliko nyeupe. Zinapokutana, wengi huangalia katikati na kukosea: nyeupe husuguka na kutoka kwenye vinundu vya mwamba, nyekundu ikaonekana iko juu. Angalia ndani ya vishimo. Chembe nyeupe zikiwa zimelala juu ya nyekundu humo, nyeupe ndiyo iliyofuata.

Tena si kila nyeupe ni rangi. Rangi ni unga mfifu, chembe zake hazilingani. Chumvi humeta, mara nyingi kama sindano zinazochomoza kutoka kwenye mwamba na kusukuma gamba kutoka chini. Kuvu ni nyuzi zenye matawi. Kwazi (quartz), madini ya mwamba wenyewe, nayo humeta, ila imeshikana na jiwe, haikuota juu yake. Tafadhali, usijaribu kwa maji. Maji huyeyusha chumvi na kuiingiza ndani, kisha ikikauka inaganda upya nyuma ya rangi na gamba linaanguka. Kulowesha michoro ili ing'ae kwenye picha ni kuiua polepole.

Ncha ya hadubini isiguse ukuta. Acha kama milimita 10. Stendi itiwe uzito kwa mfuko wa mchanga, na picha ipigwe kutoka kwenye kompyuta, kwa sababu kubonyeza kitufe cha hadubini huitikisa. Usiamini "50x" ya kwenye boksi, maana hubadilika na ukubwa wa skrini: piga picha ya rula ya kipimo kwa kila ukuzaji unaoutumia, na kadi ya rangi ya kulinganishia rangi za picha. Kisha tia namba ya nukta kwenye picha kubwa ya ukuta iliyochapwa, pamoja na umbali wake kutoka alama mbili zisizohama, kama ufa au pembe ya mwamba.

Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayorukwa sana, na inauma. Kwenye kaburi la farao Tutankhamun, Luxor, Misri, watu walihofia kuwa madoa ya kahawia ukutani yanaongezeka. Yalipolinganishwa na picha za miaka ya 1920, hayakuwa yamekua. Vijidudu vilivyoyaleta vilikuwa vimekufa, na kwa kuwa yalishazama ndani ya rangi, yaliachwa. Kwa Kondoa, rudi kwenye nukta zilezile mwezi uleule, kwa kuwa chumvi huchomoza kiangazi na kuyeyuka masika.