Kabla hujanunua kisahani cha Kijapani, soma kwanza picha yake

Mara ya kwanza kualikwa nyumbani kwa maharusi wa Kijapani, nilibeba zawadi niliyoiona ya heshima: visahani vinne vya kauri, vyeupe, vyenye michoro ya buluu. Mama mwenye nyumba niliyopanga alinikuta mlangoni, akauliza viko vingapi. Vinne, nikamjibu. Akanirudisha ndani, akafungua kabati lake na kunipa cha tano. Hakikufanana na vyangu, lakini alisema afadhali hivyo. Kwa Kijapani nne husomwa shi, na shi ni kifo pia. Ndiyo maana seti za vyombo kule mara nyingi huwa za vitano.

Visahani hivi huitwa mamezara. Mame ni haragwe; yaani sahani ndogo kama haragwe, upana wake sentimita 10 au pungufu. Vingi nilivyo navyo vinatoka Arita, mkoani Saga, kisiwani Kyushu. Kauri nyeupe ya Japani, ile iitwayo porseleni, ilianzia huko mwanzoni mwa karne ya 17, na wenyeji humkumbuka mfinyanzi kutoka Korea, Yi Sam-pyeong, kuwa ndiye aliyegundua jiwe la kuitengenezea katika mlima wa Izumiyama. Vyombo vilipakiwa melini kwenye bandari ya jirani ya Imari, na wanunuzi wa mbali wakaviita Imari.

Kwangu kisahani hiki ni kama kanga isiyoandikwa jina: ujumbe upo, ila umo ndani ya picha. Korongo ni miaka elfu moja, kobe ni miaka elfu kumi, kwa hiyo mpe mzee. Kipepeo cha mkono, cha kujipepea, huanza chembamba kikapanuka, ndiyo dua ya anayefungua biashara. Samaki mwekundu aitwaye tai, anayefanana na changu wetu, amebeba neno medetai, yaani jambo la heri. Huyo ni wa harusi.

Ninachokipenda kuliko vyote kina vibuyu sita. Vimening'inia kwenye mzabibu mmoja, hapana, nilidhani ni mzabibu mpaka nilipokisogeza dirishani: ni mtambaa wa mmung'unye wenyewe, na ncha zake zimechorwa kwa brashi nyembamba kama unywele. Sita ni mu, kibuyu ni hyo, ambayo ikiunganishwa hutamkwa byo. Ukiviunganisha unapata mubyo, na neno linalotamkwa hivyohivyo lina maana ya kutokuwa na ugonjwa. Kwa hiyo vihesabu vibuyu kabla ya kulipa. Vikiwa vitano ni pambo zuri tu, dua haimo.

Kama utafika Japani, jaribu kwenda Arita kati ya tarehe 29 Aprili na 5 Mei, kwenye soko kubwa la kila mwaka. Wahi asubuhi. Kuna makreti ya vyombo vyenye kasoro ndogo, doa la wino au kitundu cha sindano kwenye mng'aro, yaani lile tabaka la juu linalong'aa kama kioo, na bei yake hushuka sana. Doa lisikutishe. Ufa ndio wa kuogopa: kiweke kisahani juu ya vidole, ukigonge taratibu kwa ukucha. Kizima hulia kama kengele. Chenye ufa hutoa sauti iliyokufa. Kisha pitisha kidole ukingoni, halafu kigeuze, maana kikalio hakina mng'aro na kikiwa na chembe kitakwaruza meza na kisahani cha chini yake. Mimi huweka karatasi laini katikati ninapovipanga.

Chenye dhahabu usikiingize kwenye maikrowevu hata kwa sekunde kumi. Changu kilitoa cheche, na mstari wa dhahabu ukageuka mweusi. Na usikisugue kwa steliwaya, dhahabu imepakwa juu ya mng'aro, inatoka.

Vingine vyote vitumie kila siku. Chumvi, achari ya ndimu, tende tatu za kufuturu: ukubwa wake ni huohuo. Cha vibuyu sita nilimpelekea mama Tanga, nikamsihi asikifungie kabatini pamoja na vyombo vya wageni. Kiko mezani, karibu na chupa ya chai. Kila asubuhi humo ndimo anamowekea vidonge vyake vya presha.