Kabla ya Kuchagua Prosesa, Muulize Mteja Kamera Yake

Kazi ya kuunganisha kompyuta za kuchezea gemu na kuhariri video imeongezeka hapa Dar es Salaam, kwa sababu kijana anayepiga video za harusi Jumamosi ndiye yuleyule anayetaka kucheza gemu Jumatatu usiku, na fedha aliyonayo inatosha mashine moja tu. Nawaandikia nyinyi mnaoanza kazi hii ili msirudie kosa nililolifanya kwa muda mrefu, nalo ni kumuuliza mteja ana shilingi ngapi, kisha kuigawa fedha hiyo kwa vifaa vyenye majina makubwa. Swali la kwanza linapaswa kuwa hili: anarekodi kwa kamera gani, na ameiweka kwenye mpangilio upi?

Mteja aliyenifundisha swali hilo alikuwa na kamera ya Sony A7 IV. Nilimuundia mashine yenye prosesa ya Ryzen 7 5800X, kadi ya michoro ya RTX 3060 na RAM ya GB 32, gemu zote alizozitaja zikaenda bila shida, nami nikarudi nyumbani nimejaa majivuno. Wiki haijaisha akanipigia simu: “Fundi, mbona mashine yako inakwama?” Nilimfuata Tabata, nikakaa pembeni yake akanionyesha. Kila alipopanga klipu mbili za sendofu moja juu ya nyingine, bibi harusi alikuwa anaruka kutoka mlangoni hadi kwenye kiti bila kupiga hatua hata moja. Nilipofungua dirisha la Windows linaloonyesha matumizi ya vifaa, prosesa ilikuwa imefika asilimia 100, ilhali kadi ya michoro ilikuwa imekaa kama mgeni aliyesahauliwa kupakuliwa chakula.

Chanzo kilikuwa ndani ya klipu zenyewe. Kamera yake ilikuwa inarekodi kwa H.265 (njia ya kubana video) ya biti 10, aina ya 4:2:2, yaani taarifa za rangi zinahifadhiwa kwa kila nukta mbili za picha badala ya kila nukta nne kama ilivyo kwenye 4:2:0 ya video za kawaida. Rangi za namna hiyo hupendeza sana wakati wa kusahihisha, lakini RTX 3060 haina sakiti ya kuzifungua, na hata kadi za mfululizo wa 40 za NVIDIA, kampuni inayotengeneza RTX, hazina. Mzigo wote huangukia prosesa. Kadi za mfululizo wa 50, zilizotoka mwaka 2025, ndizo za kwanza za kampuni hiyo kuiweza kazi hii. Prosesa za Intel, kwa upande wao, zimekuwa zikiifanya kuanzia kizazi cha 11, kwa kutumia sehemu ya michoro iliyomo ndani ya prosesa yenyewe. Kwa mteja yule, Core i5-12400 ya bei nafuu ingefaa kuliko ile Ryzen niliyoisifia sana.

Hapo kuna mtego mdogo ambao umewanasa wengi. Prosesa yenye herufi F mwishoni, kama i5-12400F, huuzwa kwa bei ya chini kidogo kwa sababu sehemu hiyo ya michoro imezimwa. Kwa mcheza gemu haina hasara, lakini kwa mhariri wa klipu za namna hii umemnyima kile hasa alichokihitaji. Tena, hata ukinunua isiyo na F, mazabodi nyingi (ubao mkuu wa kompyuta) huizima sehemu hiyo zenyewe pindi kadi ya michoro inapochomekwa, hivyo ingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya mazabodi inayofunguliwa kabla ya Windows, uiwashe. Yule mteja nilimwonyesha jinsi ya kutengeneza nakala nyepesi za klipu na kuhariri kwa hizo, kisha programu irudi kwenye klipu halisi wakati wa kutoa kazi. Ilimsaidia, ingawa kila harusi ilimgharimu saa nzima ya kusubiri.

Kwa upande wa gemu, kinachoamua ni skrini. Mwenye skrini ya 1080p ya hezi 60, yaani inayobadilisha picha mara 60 kwa sekunde, hahitaji kadi ya bei kubwa, na ukimuuzia umemtapeli kwa adabu. Angalieni pia kumbukumbu ya kadi yenyewe: RTX 4060 ni mpya kuliko RTX 3060 na ina kasi zaidi kwenye gemu, lakini ina GB 8, wakati RTX 3060 ya GB 12 humudu kwa utulivu zaidi miradi ya 4K yenye safu nyingi. Kwa mtu anayekula kwa kuhariri, mimi bado huichagua ile ya zamani.

Kadi nyingi za mtumba zilitumika kuchimba sarafu ya kidijitali ya Ethereum hadi Septemba 2022, uchimbaji wake ulipokoma. Sizikatai, ila siilipii kadi kabla ya kuiendesha nusu saa kwa gemu nzito huku nikisikiliza feni na kuangalia joto, na kabla ya programu ya GPU-Z kuthibitisha kwamba chipu ndiyo ile iliyoandikwa kwenye boksi. Kuna kadi za kale zilizobadilishwa jina kwa ndani.

RAM nunueni vijiti viwili vya GB 16 badala ya kimoja cha GB 32, mvichomeke kwenye nafasi ya pili na ya nne kutoka kwenye prosesa, kisha muwashe XMP kwenye BIOS, mpangilio unaoiruhusu RAM kufikia kasi iliyouzwa nayo. Bila hivyo RAM ya DDR4 ya kasi ya 3200 huenda ikaendeshwa kwa kasi ya 2133 au 2400. Windows na miradi inayoendelea vikae kwenye SSD ya NVMe, yaani diski ya kasi kubwa, na harusi zilizokwisha kulipwa zihamie kwenye diski ya kawaida.

Kuhusu pawa saplai, niliwahi kuichomeka mashine ya mtumba iliyotoka Marekani bila kutazama kile kiswichi chekundu cha nyuma, ambacho kilikuwa kwenye 115 wakati umeme wetu ni volti 230. Ulisikika mlio mmoja, chumba kikajaa harufu ya plastiki iliyoungua, na mwenye mali alikuwa amesimama nyuma yangu. UPS, ile betri inayoishikilia kompyuta umeme ukikatika, nayo ina hesabu yake: ile ya VA 650 kwa kawaida hubeba takriban wati 360 hadi 390, ilhali RTX 3060 peke yake hufika wati 170 na 5800X inaweza kuvuta zaidi ya 140, kabla hujahesabu skrini, diski na feni. Umeme ukikatika katikati ya kutoa video, UPS hiyo inaweza kuzima papo hapo.

Mkibadilisha feni ya prosesa kwenye mashine za AM4, yaani zenye soketi ya Ryzen kama ile 5800X, iwasheni kwanza dakika kumi ili pesti iliyo kati ya feni na prosesa ilainike, mzime na kuchomoa waya, kisha muizungushe feni taratibu kulia na kushoto kabla ya kuinyanyua. Ukiivuta moja kwa moja, prosesa hung’oka nayo, na pini zake zikipinda utazinyoosha moja baada ya nyingine kwa sindano huku mteja akikuuliza kama bado sana.

Siku ya kukabidhi, jaribuni mashine kwa klipu za mteja mwenyewe, na skrini ya hezi 144 muiweke kwenye 144 ndani ya Windows, kwa sababu mara nyingi hubaki kwenye 60. Waya wa skrini uchomekwe kwenye kadi ya michoro. Nimeitwa mara mbili kwa gemu zinazokwama, mara zote mbili mteja alikuwa amefagia chumba na kuurudisha waya kwenye mazabodi; siku hizi tundu lile nalifunika kwa selotepu nyekundu kabla kompyuta haijatoka mezani kwangu.