Kwa nini magofu ya Piranesi yanagusa kuliko picha za kamera

Ndugu, umeuliza kwa nini magofu ya Roma aliyoyachapa Piranesi, msanii wa Italia wa karne ya 18, yanakushika moyo kuliko picha za kamera za mahali palepale. Kwa maoni yangu, jibu limo kwenye bamba lenyewe la kuchapia.

Alichukua bamba la shaba lililopakwa nta, akachora kwa sindano hadi shaba ikaonekana, kisha akalitia asidi. Asidi hula pale palipokwaruzwa tu. Mistari aliyotaka ibaki hafifu aliiziba mapema kwa vanishi. Mingine aliiacha iliwe tena na tena, ikawa mifereji yenye kina inayoshika wino mwingi wakati wa kuchapa. Ndiyo maana vivuli vyake ni vyeusi tii. Hebu fikiria: jengo lililoliwa na wakati linachorwa kwa kuliwa na asidi! Hilo hunigusa kila mara.

Itazame ile ya nguzo tatu za hekalu la Vespasian, mfalme wa Roma ya kale. Zimefukiwa na udongo karibu hadi vichwani. Hapo hakutia chumvi. Ndivyo zilivyokuwa katika karne ya 18, kabla hazijafukuliwa, na uwanja zilimosimama, Forumu ya Roma, uliokuwa kitovu cha dola zima, ulikuwa malisho ya ng'ombe. Chumvi aliitia kwenye vipimo: watu wake ni wadogo mno, kama sisimizi chini ya ukuta.

Ukiweza, usiishie kwenye skrini. Tafuta makumbusho yenye chapa halisi, inama karibu na karatasi utazame penye giza zaidi. Utaona wino umeinuka kidogo, mstari kwa mstari.