Kwa wanaoanza programu sambamba za aljebra hapa Mtwara

Wadogo zangu, wengi wenu mnatoka kwenye ualimu wa hisabati, na mnasema mtaanza programu sambamba, yaani zinazogawa kazi ifanyike sehemu kadhaa kwa wakati mmoja, mkipata mashine kubwa. Msisubiri. Laptopu yenye viini vinne, yaani sehemu nne za kuchakata hesabu, inatosha kukufundisha jambo lenyewe, yaani kutambua kazi inayogawanyika na isiyogawanyika.

Anzeni na determinanti, ile namba moja inayokokotolewa kutoka kwenye matriksi ya mraba. Chukua matriksi ya 100 kwa 100 yenye namba kamili kuanzia -9 hadi 9. Ukiikokotoa moja kwa moja, namba za katikati zinavimba na hesabu inakuwa nzito. Badala yake chagua namba tasa, fanya hesabu yote kwa mabaki ya kugawanya kwa namba hiyo, kisha rudia kwa namba tasa nyingine. Hakuna kinachovimba. Mwishoni unaunganisha mabaki kwa kanuni ya mabaki ya Kichina, inayoirudisha namba kutoka kwenye mabaki yake. Kikomo cha Hadamard kinatuhakikishia kwamba jibu, liwe chanya au hasi, ukubwa wake hauzidi 90 kwa kipeo cha 100. Kwa hiyo namba tasa 21 zilizo chini kidogo tu ya 2^31 zinatosha, maana zao lake linazidi mara mbili ya kikomo hicho. Hizo ni kazi 21 zisizotegemeana, kama wabangua korosho, kila mmoja na fungu lake, wanakutana kwenye mizani tu.

Kwenye SageMath, programu ya hisabati, unaandika @parallel(4), yaani prosesi nne (nakala za programu zinazoendeshwa kwa pamoja), juu ya funksheni yako, kisha unaipa orodha ya namba tasa. Programu hiyo ni ya bure, ndani yake zimo GAP na Singular, programu nyingine za aljebra, na ukishaipakua hutamaliza bando tena: maelezo unayasoma kwa alama ya ? bila intaneti.

Sasa pima muda. Kwa matriksi ndogo, kuanzisha prosesi kunaweza kuchukua muda mrefu kuliko hesabu yenyewe. Ongeza ukubwa ndipo ulinganishe. Na kumbuka kanuni ya Amdahl ya 1967, inayoonyesha kikomo cha kasi ya kugawa kazi: asilimia 10 ya kazi isipogawanyika, viini vinne vinakupa kasi ya takriban mara 3.1, na hata vingekuwa elfu, mara 10 huifikii. Tena 21 haigawanyiki kwa nne. Katika duru ya sita kiini kimoja kinafanya kazi, vitatu vimekaa bure. Mimi huweka namba tasa 24, zile tatu za ziada nazitumia kukagua jibu.

Besi za Gröbner, zile seti maalumu za polinomia zinazorahisisha kutatua mifumo ya milinganyo, ziacheni kwanza. Katika njia ya Buchberger ya 1965, kila polinomia mpya inaweza kubadilisha orodha ya kazi zilizobaki, na kuigawanya vizuri ni utafiti kamili.

Mkifika kwenye matriksi za kukesha nazo, hifadhini kila baki mara linapopatikana, kila namba tasa na faili lake, prosesi mbili zisigombanie faili moja. Umeme ukikatika, mtarudia zile namba tasa zilizokuwa njiani tu.