Kuhama Minnesota kwenda Texas kwa sababu ya kodi: hesabu ya nyumbani kwangu

Dada, umeuliza kama wewe na shemeji, mkiwa na watoto wawili na pato la dola 90,000 hivi kwa mwaka, mtapata nafuu mkihama Minneapolis kuja upande wa Houston, kwa kuwa Texas haina kodi ya mapato ya jimbo. Sisi tulifanya safari hiyohiyo mwaka 2021, na pato letu lilikuwa kama lenu. Nakupa namba zetu.

Waliyokuambia ni kweli. Texas haikati mshahara wako hata senti, na mwaka 2019 wapiga kura waliingiza marufuku hiyo kwenye katiba ya jimbo. Minnesota inaanzia asilimia 5.35 na kupanda hadi 9.85, mwaka wetu wa mwisho kule tulilipa karibu dola 4,000. Kodi ya serikali kuu na makato ya Social Security (pensheni) na Medicare (matibabu ya wazee) yanakufuata popote, kwa hiyo yaondoe kwenye hesabu. Mshahara wa kwanza huku ulipoingia, mke wangu alidhani mwajiri amekosea.

Sasa njoo kwenye nyumba, maana hapo ndipo tulipoumia. Jimbo lisilogusa mshahara bado lina shule, polisi na barabara za kugharamia, na huku mzigo mkubwa umewekwa kwenye kodi ya majengo. Minnesota tulikuwa na nyumba ya dola 240,000, tukilipa kama 3,000 kwa mwaka. Huku tukanunua nyumba mpya ya dola 290,000 kwenye mtaa uliokuwa bado unajengwa. Ukijumlisha shule, kaunti na MUD, kiwango kilifika asilimia 2.8. MUD ni chombo kinachokopa fedha za kuchimba mabomba ya maji na majitaka kwenye mitaa mipya, kisha wenye nyumba wanaulipa mkopo huo kupitia kodi. Kwenye mitaa ya zamani ndani ya mji mara nyingi hutaikuta.

Kilichotuponza ni tarehe. Texas inathamini mali kama ilivyokuwa Januari 1. Siku hiyo ya mwaka 2021 nyumba yetu haikuwepo, palikuwa na kiwanja kitupu, kwa hiyo bili ya kwanza ilikuja dola 1,260. Kampuni ya mkopo wa nyumba, ambayo hukusanya kodi hiyo pamoja na rejesho la mwezi, ikaichukua namba hiyo na kupanga nayo makato yetu ya kila mwezi. Hakuna aliyetuambia chochote, na sisi hatukujua la kuuliza. Bili ya 2022 ilipokuja na nyumba ndani yake, ilikuwa dola 7,600 na ushee. Rejesho la mwezi likapanda zaidi ya dola 1,000 kwa mkupuo: nusu ni kodi halisi, nusu ni kufidia pengo la mwaka uliopita. Mke wangu alifanya zamu za usiku za ziada miezi minane. Sipendi mtu mwingine wa kwetu apitie hilo.

Kwa hiyo ile 4,000 tuliyookoa ilimezwa yote, na juu yake tukaongeza kama mia sita.

Tangu hapo mambo yamelegea. Novemba 2023 wapiga kura walipandisha msamaha wa nyumba unayoishi, yaani sehemu ya thamani yake isiyotozwa kodi ya shule, kutoka dola 40,000 hadi 100,000, na Novemba 2025 wakaupandisha tena hadi 140,000. Lakini lazima uuombe, hauji wenyewe. Pia nilipinga thamani waliyotupangia. Barua ya tathmini inafika kama Aprili, na mwisho wa kupinga kwa kawaida ni Mei 15. Nilikwenda na picha za ufa wa sakafu ya gereji pamoja na bei za nyumba tatu za jirani zilizouzwa. Wakapunguza dola 18,000 kwenye thamani hiyo. Kikao hakikuzidi dakika ishirini.

Kwenu ninyi, kama mtapanga nyumba ya mtu tu kwa mwaka au miwili, nafuu ipo, ingawa mwenye nyumba naye anaiingiza kodi yake ndani ya pango. Mkinunua, tafuteni nyumba iliyokwisha thaminiwa ikiwa imekamilika, na muulize kiwango cha MUD kabla ya kutoa ofa. Kodi ya mauzo huku inafika asilimia 8.25 na inagusa nguo, ambazo Minnesota haizitozi. Vyakula vya kupika nyumbani vimesamehewa kote. Gari mnaloingia nalo Texas, kodi yake ni dola 90.

Kuhusu mwaka wa kuhama: mtajaza fomu za Minnesota kwa miezi mliyoishi kule. Na kama shemeji atabaki akimalizia mkataba wake, mshahara anaoupata akifanya kazi Minnesota utaendelea kukatwa kule, hata kama wewe na watoto mmeshafika Katy, mji ulio jirani na Houston.

Mkipata anwani ya nyumba, iweke hapa bila namba ya mlango, jina la mtaa tu. Tovuti ya wathamini wa kaunti inaonyesha kila kitu na nitakusaidia kuisoma.