Marefa wa basketi: mpira ukigeuka ghafla, nani anaangalia nini?

Maswali mengi safari hii yamekuja juu ya kitu kimoja, ile timu imedaka ribaundi (mpira uliokosa goli) au imenyang'anya mpira na watu wote kumi wanageuka kukimbilia upande wa pili. Nitajibu kwa hesabu ya marefa wawili maana ndo hali ya viwanja vyetu vingi, watatu nitawagusa mwishoni.

Nimeanza urefa mwaka huu. Fasti breki, yaani shambulizi la haraka baada ya kupata mpira, ikianza nani anaenda mbele, nani anabaki?

Aliyekuwa nyuma, yaani treili, ndo anakuwa lidi mpya, yaani refa wa mbele, anawahi mstari wa mwisho kule mbele. Aliyekuwa chini ya goli anageuka treili, anaufuata mpira kwa nyuma hatua chache. Hilo wengi wanalijua, shida iko kwingine: treili akiona tu shuti limerushwa anaanza kukimbia kwa kuogopa kuachwa. Sasa ukishaondoka, nani ataona mkono uliougusa mpira ukiwa unashuka kwenye ringi? Nani atamwona anayempanda mwenzake mgongoni kwenye ribaundi? Kuutazama mpira ukiwa hewani ni kazi yako wewe treili, mwenzako chini ya goli ana msukumano wake mbele ya macho. Subiri uone mpira umeshikwa na nani, ndo uchomoke. Utachelewa hatua mbili, sawa, zifidie kwa miguu.

Na ukikimbia usiinamishe kichwa jamani. Pita pembeni kabisa, uso uwe ndani ya uwanja, fika, simama, halafu mtazame beki kabla ya mwenye mpira. Beki amemgeukia mshambuliaji? Alikanyaga chini kwa miguu yote miwili kabla ya kugongana? Hayo huyaoni ukiwa unaangalia sakafu. Niliwahi kukimbia hivyo mwenyewe, nainua kichwa nakuta wawili wameanguka, nikapuliza nikampa beki faulo kwa kubahatisha, mpaka leo sijui kama nilimwonea na bado inaniuma.

Mi ni kocha. Mchezaji wangu akitoa pasi kwenye breki anagongwa baada ya mpira kutoka na hakuna anayepuliza. Kwa nini?

Kwa sababu marefa wote wawili wameufuata mpira, na hapo una haki ya kulalamika kocha. Pasi ikitoka, lidi anaenda nayo, lakini aliyeitoa bado yuko kwenye spidi na beki yuko mbele yake, huyo anabaki mikononi mwa treili. Ndo maana treili hatakiwi kukimbia mpaka awe sambamba na mpira, akifika pale anaona kile kile anachoona lidi na nyuma yake kunabaki watu watatu wanne hawana mwenyewe. Huwa nawaambia vijana, mwamini mwenzako, kama mpira uko kwake we tafuta kisicho na mpira.

Mpira ukitoka nje pembeni wote wawili wananyoosha mikono tofauti, hiyo inakuwaje?

Kila refa ana mstari wa pembeni ulio kushoto kwake. Lidi anaongeza mstari wa mwisho, treili anaongeza mstari wa katikati, na treili huyo huyo ndo mwenye zile sekunde 8 za kuuvusha mpira. Kama si mstari wako shusha mkono, labda mwenzako akuangalie akuombe msaada.

Timu ikibana presi, yaani kuwakaba wapinzani uwanja mzima, lidi aende tu mwisho?

Hapana. Watu wanane wakiwa bado nyuma na wewe umeshasimama chini ya goli peke yako, umemwachia mwenzako mzigo wote. Subiri maeneo ya katikati, msaidie kuwaangalia wale walio karibu na wewe, mpira ukivuka ndo unawahi mbele.

Nilimshika tu kiuno jamaa aliyekuwa anaenda peke yake, refa wa nyuma akanipa faulo isiyo ya kiuanamichezo. Si angeita ya kawaida?

Sheria za FIBA (shirikisho la basketi duniani) hapo haziangalii umemshika kwa nguvu kiasi gani. Ukimgusa isivyo halali kwa nyuma au ubavuni, anaelekea golini kwenu na hakuna mwenzako yeyote kati yake na goli, basi ni hiyo hiyo, ilimradi hajaanza kurusha. Wanapata frii throo 2 (mitupo huru) na mpira unabaki wao. Na kuita refa wa nyuma ni sawa kabisa, yeye ndo anaona nafasi kati ya mkono wako na mgongo wa jamaa, wa mbele anaona kifua tu.

Kwenye BAL (ligi ya basketi ya Afrika) naona marefa watatu, huyo wa tatu anafanya nini?

Huyo ni senta, anasimama usawa wa mstari wa frii throo upande usio na wenzake. Mpira ukigeuka lidi na treili wanabadilishana kama kawaida ila yeye anabaki senta, anashuka na upande wake ule ule, kwa hiyo leiapu (shuti la karibu kabisa na goli) ya upande wa mbali na lidi mara nyingi yeye ndo anaiona vizuri zaidi. NBA walijaribu watatu msimu wa 1978-79, wakaacha, wakawarudisha moja kwa moja 1988-89. Kwa spidi ya breki za siku hizi natamani sana hata ligi zetu za mikoa zingefika huko.