Kabla ya Kutafuta Bia za Ng'ambo, Anzia Groseri ya Mtaani

Nikitaja tu kwamba napenda kuonja bia za aina mbalimbali, swali la kwanza huwa ni duka gani la Masaki linauza IPA, ile bia ya ng'ambo yenye uchungu na harufu kali. Jibu langu huwaudhi watu: anzia groseri ya mtaani kwako. Hela ya bia za ng'ambo iache kwanza mfukoni mpaka ulimi wako uzijue vizuri hizi tunazokunywa kila wikiendi.

Fungua friji ya groseri yoyote, iwe Sinza au Tandika. Safari, Kilimanjaro, Serengeti, Castle Lite, Balimi: zote ni lager. Watu wanabishana mezani utadhani Simba na Yanga, kumbe ukoo ni mmoja. Hamira ya lager hufanya kazi kwenye ubaridi, nyuzi 10 hivi, kisha bia hulazwa kwenye baridi itulie, ndiyo maana ladha yake haina mambo mengi. Ukoo wa pili ni ale. Yenyewe huchachuka kwenye nyuzi kama 18 hadi 22, na hamira yake huacha harufu za matunda. IPA na stout (bia nyeusi) nyingi ziko huko.

Sasa zoezi. Nendeni watatu, agizeni Safari moja na Kilimanjaro moja, mgawane kwenye glasi safi. Glasi, siyo mdomo wa chupa, maana nusu ya ladha ya bia inapitia puani. Halafu subirini. Najua joto la Dar halisubiri, na sisi tumezoea bia iliyokaribia kuganda, lakini baridi ya namna hiyo inatia ulimi ganzi na kuifungia harufu yote. Onja ikiwa baridi, onja tena povu likishatulia na glasi imeacha kutoa jasho. Utaanza kuusikia utamu wa kimea, halafu uchungu wa hopsi, yale maua yanayotiwa kwenye bia, nyuma ya ulimi. Katikati kunywa maji, na pilipili ya kitimoto ije baadaye. Mtu asiyeona tofauti yoyote hapo, IPA ya bei mbaya haitamsaidia.

Kwenye bia nyeusi, wazee wanaoagiza Guinness ya moto wako sahihi kabisa. Vijana ndio wanaoiharibu kwa barafu. Ikipoa kidogo tu, unapata kahawa na chokoleti chungu, kazi ya shayiri iliyokaangwa mpaka ikawa nyeusi. Castle Milk Stout ni laini zaidi kwa sababu ina sukari ya maziwa, ambayo hamira haiwezi kuila. Na tuache hii habari kwamba weusi ni ukali. Guinness ya bomba wanayokunywa Ireland ina kilevi asilimia 4.2, wakati Safari yetu ina 5.5. (Ya kwamba Guinness inaongeza damu, sitaki hata kuanza.)

Usiipite mbege, pombe ya kienyeji ya Wachaga. Ndizi, ulezi, na magome ya msesewe yanayotia uchungu, kazi ileile ambayo Wazungu wanaiachia hopsi. Ni chachu, ni nzito, na haingoji: inaendelea kuchachuka hata baada ya kununuliwa, hivyo inywe siku hiyohiyo. Ukiizoea, bia ya ngano ya Wajerumani itakuchekesha, maana inanukia ndizi mbivu na hakuna ndizi hata moja ndani yake. Harufu hiyo yote inatoka kwenye hamira.

Ukishafika hapo, haya, nenda supamaketi. Chupa za kijani zilizopangwa dirishani ziache. Mwanga huvuruga hopsi na bia ikaanza kunuka vibaya. Chupa ya kahawia inalinda zaidi, kopo linashinda zote. IPA isome tarehe kabla hujalipa, kwa sababu harufu ya hopsi ndiyo inayotangulia kufa, na hizi zimekaa melini na boharini kwenye joto. Mimi nikiona tarehe imesogea, narudisha na kuchukua bia kali ya Kibelgiji. Hiyo inavumilia safari, na kwa kilevi chake cha asilimia 8 au 9, chupa moja tunagawana wawili na gari linabaki nyumbani.